Swali la Tisa

Pelotas, Julai. Upepo wa kusini unapenya hadi kwenye uboho,
nami nina fomu arobaini, kalamu mbili,
na kitambulisho kifuani chenye picha yangu
ambacho bawabu amekisoma mara tatu
kana kwamba herufi zitamwonea haya zibadilike.

Anaitwa Adroaldo. Ngozi yake na yangu
ni masizi ya chungu kimoja.
"Usinichukulie vibaya, dada," anasema,
na kwa kidevu ananielekeza lifti ya nyuma,
ile ya taka, ya mbwa waliolowa, ya wapishi.
Lifti ya mbele ina kioo.
Ya nyuma ina ndoo.

Ghorofa ya sita, Dona Zuleica ananipokea vizuri,
sitamsingizia: kiti, kahawa, keki ya mahindi,
ananiuliza hali ya mama yangu, asiyemjua.
Swali la tano: je, ubaguzi wa rangi upo nchini?
"Upo! Tena umekithiri!" Vikombe vinaruka mezani.
Swali la sita: je, wewe binafsi unabagua?
Anacheka. "Mimi? Kamuulize Nair."
Nair yuko jikoni, mwaka wa ishirini na mbili sasa.
Bomba linafunguliwa zaidi.

Swali la tisa: unakubali kwa kiasi gani
chuo kikuu kitenge nafasi kwa ajili ya weusi?

"Aa. Hapo hapana, mwanangu. Hapo ni kugawa watu.
Sisi sote hapa ni damu moja. Mama yake bibi yangu
alikuwa..." anatafuta neno, halipati,
anaugusa mkono wangu badala yake.
"Murilo wangu alikesha na vitabu miaka miwili.
Kakosa udaktari kwa alama nne. Nne!"
Naandika: moja. Sikubali kabisa.
Fomu haina kisanduku cha machozi, na yalikuwa ya kweli.
Damu nzito kuliko maji, walisema wahenga,
lakini jikoni maji bado yanamwagika.

Ghorofa ya nne, profesa mstaafu.
Tano, ananiambia. Tano. Tano. Nakubali kabisa.
Historia inatudai, andika hivyo, tano.
Yote hayo kupitia upenyo wa mlango
ambao mnyororo wake hakuufungua.

Nateremka. Lifti inasimama, anaingia Nair
na mfuko mweusi wa taka, ametoka kuwamwagia maua
ya jirani wa ghorofa ya tatu, bila malipo.
"Mimi hukunihoji."
Kanuni, namwambia: mkazi mmoja kwa kila nyumba.
"Nalala mle siku sita kwa wiki.
Chumba nyuma ya jiko. Miguu yangu inagusa ukuta."

Basi namhoji, kati ya ghorofa ya tatu na chini.
Binti yake, Tainara, anasomea ufamasia kwa nafasi hizo.
Walimsimamisha mbele ya meza ya watu watano
wamtazame pua, nywele, ngozi,
wathibitishe kwamba ni mweusi kweli.
"Alirudi anacheka, mara analia. Ananiambia, mama,
mlinzi wa duka la nguo
hajawahi kuhitaji kamati."

Niandike tano?
Anahamisha mfuko mkono wa pili.
"Andika nne. Hiyo moja naiweka hadi amalize."

Nimeiandika nyuma ya karatasi.
Mashine ya ofisini haisomi nyuma.

Jengo la pili, bawabu mwingine, kidevu kingine.
Kabla hakijainuka nimeshabonyeza kitufe cha lifti ya mbele,
naye anabaki mdomo wazi, funguo mkononi.
Mlango unafunga. Kioo hicho, kizima, safi,
na ndani yake mimi, na chembe ya keki shavuni
tangu asubuhi,
wala hakuna aliyeniambia.