Daftari la Risasi ya Kwanza

Kila Idi ya kuchinja, hapa Mudhairib,
jua halijafika kwenye minara ya kilimani,
baba yangu, Mhenna bin Zahran, hupiga risasi moja
kwenye jiwe jeupe ng'ambo ya wadi,
jiwe lisilozidi kisosi,
kisha hunigeukia mimi, si jiwe:
"Imeangukia wapi?"

Mimi ndiye jicho, mimi ndiye kalamu.
Naandika: juu, kushoto, vidole viwili.
Mwaka jana: juu, kushoto, viwili na nusu.
Mwaka juzi, wa mvua: juu, kushoto, viwili.

Ya pili hatuiandiki, wala ya tatu, wala ya saba.
Hizo hukaa pamoja kama punje za komamanga
na kila mtu huzipigia makofi.

Ghassan kaka yangu, mhandisi wa mabomba huko Sohari,
ana maelezo. Mafuta, asema.
Ulisafisha mtutu ukaupaka mafuta ukauweka kabatini,
risasi ya kwanza inapita penye utelezi,
inawafagilia njia wenzake.
Ya pili inakuta masizi, inashikwa vizuri.
Halafu chuma kikipata moto si chuma kile,
na mbao za kitako zimekunywa umande usiku kucha.

"Na bega je?" baba auliza.
"Bega?"
"Bega nalo limelala usiku kucha."

Basi tuupashe mtutu, asema Ghassan,
tupige mbili za burebure mchangani, ndipo tuanze kuhesabu.

Baba akafuta bangili za fedha za bunduki kwa ncha ya kilemba.
"Mbwa mwitu aliyeingia zizini kwa bibi yenu
hakunisubiri nipashe.
Yule alipata ya kwanza."

Mama yangu aliletwa huku na miaka kumi na tisa
na Kiarabu cha msahafu tu.
Jumatano yake ya kwanza, soko la wanawake, Ibra,
alitaka uzi. Koo likapwaya kidogo, herufi moja tu,
akaomba ukuta.
Ukuta wa kijani, tafadhali, wa kushonea.
Wanawake walicheka mpaka wakashika mikeka.
Kufika adhuhuri alikuwa anapatana bei kama mzaliwa.
Miaka thelathini na moja, na bado
neno lake la kwanza la asubuhi
hupita juu, kushoto.

Na sisi tulio wake, tukipiga simu Unguja,
"Hujambo" yetu inatua pembeni,
mjomba anawaambia walioko sebuleni: Waarabu hao.
Dakika ya tatu tunataniana matusi ya Malindi
na hakuna anayekumbuka ile ya kwanza.
Mimi nakumbuka. Ni kazi niliyopewa.

Mwaka huu bega la baba limefungwa bendeji,
daktari wa Maskati kamkataza hata ndoo.
Akanipa bunduki. Akachukua darubini na kalamu.
Ghassan akafungua mdomo, akaufunga.

Chuma kilikuwa baridi shavuni kama kikombe cha asubuhi ya msiba.
Sikuuliza kama mtutu umepanguswa.
Nilizijua tarakimu zote: shusha viwili, vuta kulia.
Lakini daftari linaijua bunduki na linamjua yeye.
Bega langu halimo.

Nililenga katikati.

Kishindo kikaenda hadi minarani, kikarudi na mbuzi wakilia.
Jiwe sikuliona, vumbi tu,
na baba akitazama, akitazama sana,
akaandika mstari mmoja mrefu kuliko yangu yote,
akalifunga daftari, akalikalia.

"Imeangukia wapi?"

"Mwakani," akasema. "Sasa piga hizo nyingine,
watu wapate cha kupigia makofi."