Mche wa Kioo

Newala, saa sita usiku. Sakafu ya kuanikia korosho
bado ina joto la mchana chini ya stendi.
Nankoma kazima taa ya ghala,
halafu kawasha sigara.
"Na hiyo!"

Kamera kubwa kwanza: mbele unywele, nyuma nusu unywele,
mpaka nyota zinakuwa ncha za sindano.
Nakaza skrubu. Hapo hapagusiki tena.

"Sasa mche."
"Wa korosho?"
Wa kioo, hauzidi ukucha,
unachungulia ukingoni mwa mwanga
kama mtoto mlangoni penye wageni.
Ukiingia mno, kivuli chake kitakula picha;
ukijitenga, hauoni kitu.
Nauteremsha. Milimita. Nyingine.

Kwenye skrini, kitumbua cha ukungu.
Naivuta kamera ndogo, taratibu, jasho kidoleni:
kitumbua, kishikizo, punje ya mtama.
Nakaza.

Nyota yenyewe haina jina, na pichani haitakuwemo.
Nimeiokota pembeni, kwenye mwanga wa kumwagwa,
na ndiyo itashika usukani hadi alfajiri.

"Kapunje hako tu?"
Hako tu. Ng'ambo ya Ruvuma
Wingu la Magelani linapanda,
na Nankoma, mwenye sakafu yake,
anaondoka kwa kunyata.