Diodi ya Kumi na Saba

Ni ndogo kuliko chembe ya chumvi
na bado Odile Kieffer huisemesha
kama mtu anayebishana na mbuzi mlangoni.
Saa mbili usiku, Metz, Februari.
Kioo cha dirisha kimetanda ukungu wa pumzi za watu wawili,
mabomba ya joto yanagongagonga ukutani.

Yeye ni fundi, si daktari wa chochote.
Mwaka wa thelathini na moja ameshika koleo hizi.
Anazungusha kitufe: miliampea mbili,
na nuru inatoka imesimama,
inatetema juu, chini, juu, chini,
kamba iliyofungwa kwenye msumari.
Mbili na nusu: imelala.
Ghafla, bila kuaga.
Rangi ni ileile, mwangaza ni uleule,
jicho halikuona kitu.
Kichujio tu ndicho kinachojua
kwamba mwenye nyumba amehama chumba.

"Sasa irudishe," anamwambia Gatien, mwanafunzi,
na Gatien anapunguza umeme.
Mbili na nusu: bado imelala.
Mbili na robo: bado.
Inakaribia mbili kamili ndipo inainuka, shingo upande.
Kwenda kuna mlango wake,
kurudi kuna mlango wake.
Odile anaandika kwa penseli. Hacheki.

Bibi yake alizaliwa Mjerumani
katika nyumba ya mawe juu ya mto Mosel.
Akaolewa Mfaransa.
Akazika mume, Mjerumani tena,
akafa Mfaransa,
na muda wote huo kitanda kilikuwa kimoja, cha mwaloni,
miguu yake minne haijasogezwa hata siku ya kufagia.
Serikali ndizo zilizopita chumbani.
Karani mmoja alimuuliza, "Wewe ni raia wa nani?"
Akajibu, "Mwaka gani?"
Mayai aliyahesabu kwa lugha ya jikoni
isiyokuwa ya Paris wala ya Berlin,
imeinama kidogo huku, kidogo kule.

Miliampea tatu, na ushei.
Nuru haisimami tena, hailali;
inachora yai hewani, yai lililopinda,
kisha yai la pili, limepindia upande wa pili,
na inaruka kati yao,
huku, kule, huku huku, kule,
huku.
Profesa Grosdidier ameshaandika kwenye kiboksi chake
kwa wino mwekundu: MBOVU. KELELE.

"Kelele husahau," anasema Odile. "Hii haisahau.
Tazama."
Anaivuta picha kwenye skrini, nanosekunde kwa nanosekunde.
Kabla ya kila mruko inayumba,
na kila yumbo linalipita lililotangulia,
mpaka ukingo uishe, ndipo ivuke.
Mlevi wa kweli hahesabu hatua kabla ya kuanguka.
Kigeugeu huyu anahesabu.

Gatien ameegemeza kidevu mezani.
Ameianzisha mara mbili, sawasawa, au karibu na sawasawa,
tofauti ya unywele uliopasuliwa mara elfu,
na nyayo mbili zikafuatana, zikafuatana,
halafu zikaachana kama watu wasiojuana.
"Kwa hiyo itaruka lini tena?"
Odile anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti.
"Sheria yake naiona.
Saa yake siijui."
Hilo halimsumbui. Linamsumbua kijana,
aliyedhani ukiijua sheria umemaliza kazi.

Basi la saa tatu na dakika arobaini limeshapita;
walisikia breki zake kwenye barafu, hakuna aliyeinuka.
Anashusha umeme polepole, kwa kidole kimoja,
tatu, mbili na nusu, mbili na robo,
akiisubiri isimame
kama unavyomsubiri mtu mzima avae viatu vyake mwenyewe.
Inasimama.

Chini ya wino mwekundu anaandika kwa penseli:
Si mbovu.
Anafikiri. Anaongeza:
Iulizwe vizuri.