Kaimu

Mlangoni pake pana karatasi, si kibao.
Imechapwa kwa mashine ya afisini, wino umekwisha nusu:
Dkt. Salhina Shaame Kombo, KAIMU Mkuu, Idara ya Mionzi.
Kila masika gundi inalegea kwa unyevu
na mimi, Mkasi, mpiga picha wa chumba cha pili,
huiokota sakafuni, nikaifuta kwa upindo wa mtandio,
nikaibandika tena.
Mwaka wa nne huu.

Wakuu waliopita walikuwa na vibao vya mvule.
Vipo bado, stoo, juu ya kabati la filamu kongwe,
majina matatu ya kiume yaliyoshiba vumbi.
Mmoja wao aliongoza miezi saba,
mitatu kati yake yuko safarini.

Barua yake yeye ilisema: utakaimu
mpaka atakapopatikana mtu anayefaa.
Akaisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe,
akaniambia, "Lete picha ya yule aliyeanguka mkarafuuni."

Hujaiona Wete msimu wa karafuu.
Wanakuja na vifundo vya mikono vilivyopinda kama uma,
nyonga, mbavu,
mtoto aliyekuwa akiokota chini, tawi likamwangukia.
Mimi nasema maneno yangu yale yale:
Vuta pumzi.
Izuie.
Usitikisike.
Yeye yuko chumba cha giza, wanafunzi sita nyuma yake,
anawafundisha kwanza kunyamaza.
"Msiukimbilie mfupa uliovunjika," huwaambia,
"huo unapiga kelele wenyewe. Tazameni pembeni,
palipo kimya."

Siku ile akaja mkubwa kutoka Unguja,
koti limenyooka, kalamu mbili mfukoni.
Akatazama kifua cha mama mmoja wa Kojani
akatangaza vinundu viwili, kulia na kushoto,
sawa kwa sawa,
akaanza kuyataja maradhi makubwa makubwa.
Wanafunzi wakaandika.
Dokta Salhina akangoja amalize. Kisha, taratibu,
kama anayemwambia mgeni kuwa kamba ya kiatu imefunguka:
"Hizo ni chuchu, Profesa."

Wallahi hata feni ilisita.

Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa:
Ilibainika kuwa si ugonjwa.
Ilibainika! Kwa macho ya nani?
Na birika la chai, kikao hicho hicho,
lilisukumwa mbele ya nani
naye ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema sisi.
Huyu mwenyeji mbona haponi?

Biubwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, hana breki mdomoni,
akamuuliza: "Dokta, kaimu ni cheo au ni ugonjwa?"
Akacheka mpaka akavua miwani.
"Inategemea umekaa nao muda gani.
Ukipita miezi sita, ni sugu."

Juzi akaijibu ile barua. Hakulalamika.
Aliandika kama aandikavyo kila siku, kwa mkono mdogo ulionyooka:

Kilicholetwa: barua, ukurasa mmoja, umri miaka minne.
Kilichoonekana: sahihi tatu, muhuri mmoja.
Uti wa mgongo hauonekani.
Mtu anayefaa yupo, katikati ya picha,
ukubwa wa kawaida, anapumua.
Maoni: hakupotea. Hakutazamwa.
Ushauri: rudieni kusoma. Zimeni taa kwanza.

Jibu halijaja.
Karatasi imeanguka tena leo asubuhi, nami sikuinama.
Nimepita Limbani kwa Fundi Mbarouk,
nimemkuta na kipande kizuri cha mfenesi, manjano kama binzari.
Nimempa jina lake zima, na cheo chake,
nikapunguza herufi tano.

Fundi akaitua patasi, akanitazama.
"Umeruhusiwa?"

Nikavuta pumzi.
Sikuizuia.