Sifuri za Mbele

Saa nane za usiku, Ruwi. Kiyoyozi kinakohoa,
chai ya maziwa imeota utando,
nami nalinda ghala lisilo na gunia hata moja.

Hatulijazi upya kila siku, hilo halimaliziki.
Tunaleta kilichobadilika tu tangu jana:
nyumba iliyohamwa Seeb, deni lililolipwa Nizwa,
mita ya maji iliyosomwa Ibra baada ya alasiri.
Kidogo kidogo, kama ajazaye mtungi kwa kata.

Leo Sur wamefunga mita mpya.
Hawakutuambia. Nani huliaga ghala?
Miaka saba safu ile imekuwa namba tupu;
usiku huu imekuja na herufi kichwani, S-00417,
na mzigo mzima ukagoma mlangoni.

Haitham, mwenzangu wa zamu, anapiga miayo:
"Ilazimishe iwe namba, Zuwena. Tukalale."

Nikajaribu kwanza pembeni, kwenye nakala.
Herufi ikadondoka. Sifuri zikaifuata.
Ikabaki 417,
na 417 ni mtu mwingine,
mzee wa Samail mwenye mitende na deni la riali sita.
Hakuna kengele iliyolia.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Bibi yangu aliposhuka kutoka Unguja
karani alikuwa na fomu, na fomu ina visanduku vyake.
Mwanatumu hakuenea. Akaandikwa Fatma.
Hata leo, hospitalini wakiita Fatma,
hukawia kuinuka, humtazama kwanza wa jirani.

Nikasema: la, Haitham.
Cha kikombe huenea birikani;
cha birika ukikimimina kikombeni, tafuta kitambaa.
Namba itakaa ndani ya maandishi bila kuumia,
maandishi ndani ya namba yatakatwa miguu.

Nikafungua safu mpya ubavuni, pana,
nikahamisha miaka saba, fungu baada ya fungu,
nikihesabu kila fungu lilivyotoka na lilivyofika.
Ya zamani sikuifuta. Ziko ripoti bado zinaiuliza,
na anayeulizwa hafukuzwi usiku.
Kisha nikaurudia mzigo tangu mstari wa kwanza.

Adhana ya alfajiri ilinikuta nikisoma:
S-00417, imeingia nzima, na sifuri zake mbili.
Haitham anakoroma juu ya kibodi.
Mzee wa Samail bado anadaiwa riali sita,
zake mwenyewe.