Hesabu ya Kigoga-Ini

Shangazi Ingunn hupiga magoti pale wengine wanapopita.
Kioo cha kukuzia kaning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu,
mvua ya bonde la Skorve inamwingia kolani,
wala haijali. "Andika," ananiambia,
nami naandika kwa penseli, maana huku wino hulia.

Paa la kanisa: vigoga vikavu, rangi ya tumbaku.
Vimefumba midomo tangu Jumapili.
Kila kibuyu kina meno membamba kuliko unywele;
hewa ikikauka yanaachana, vumbi la uzazi linatoka
kidogo kidogo, kama sadaka ya bahili.
Ikinyesha, yanauma tena.

Nyuma ya banda la Eilif, alikochoma takataka mwaka juzi,
kigoga-ini kimetandaza ndimi zake juu ya majivu.
Wahenga wa huku walikiona kimelala kama ini buchani
wakakiita hivyo, wala hawakukosea.
Madume yameinua sahani, majike miavuli ya vidole.
Tone likigonga sahani, mbegu zinarushwa,
kisha lazima ziogelee.
Safari yote haifiki shubiri. Kwao ni bahari.
Na penye upweke kuna vikombe,
ndani yake chembe bapa kama dengu:
tone moja, pa! mtoto kaangukia kando ya mama,
ni mama yule yule, hana hata kovu jipya.

Kinamasini, jua la saa sita huvipasha vibuyu
mpaka pumzi inavizidi tumboni, vinalipuka.
"Umesikia?"
Nilisikia kitu. Labda ni goti lake.

Na juu ya kinyesi cha kulungu wa kaskazini,
yule mwenye pembe kama beleshi,
kuna kigoga kisichojua haya:
kimefungua miavuli ya manjano, kinanuka mzoga.
Inzi anakuja mbio, hakuna karamu,
anaondoka na unga miguuni kutafuta kinyesi kibichi.
Nikacheka. "Mshenga ni mshenga," akasema shangazi,
"hata akiwa amedanganywa."

Tunashuka korongoni, yeye mbele, kisigino kwanza.
Hapa ndipo tunapokuja kila Agosti.
Chini ya maporomoko, kigoga-ini cha zambarau,
shada nane kwenye jabali moja.
Jike. Jike. Jike.
Miaka kumi na tisa ya daftari, na neno halijabadilika.
Barua kutoka makumbusho inasema dume lipo,
mlima fulani, mabara mawili mbali.
Tone gani litafika huko?

Shangazi alipanga barua posta miaka thelathini na miwili.
Anajua bahasha isiyo na anwani humrudia mwenyewe.
Kigoga hiki, anasema, hujiandikia:
kinavunjika ncha, ncha inashika unyayo wa ndege wa maji,
inateremka jiwe hadi jiwe, inaota, jike tena.
Tangu barafu kuu ilipoyeyuka.
"Unakihurumia?" nikauliza.
Alifuta kioo kwa shati, hakikufutika.
"Andika tarehe," akasema.

Tulipofika darajani, Eilif akipiga honi, kahawa inapoa,
niliona kipande cha zambarau, kidogo kama kucha ya mtoto mchanga,
kimenasa gotini kwake, kwenye suruali.
Naye alikiona.
Akavuka hivyo hivyo, akichechemea,
mkono ukiwa mbali na nguo.