Figa la Tatu

Mimi ni dereva. Kwenye karatasi ya mshahara
wameandika hivyo, na mchanga nao wanijua hivyo:
napunguza upepo wa magurudumu kabla ya tuta,
sikanyagi breki mteremkoni,
na gari likizama sisemi mengi, nachimba.

Mwezi mzima tulizunguka Nafudi
tukitafuta ardhi nyeupe.
Daktari Wadha, mzaliwa wa Haili, hushuka gari halijasimama,
hulamba ncha ya kijiwe, hutema,
husema: ziwa.

Ziwa! Nami nyuma yangu nina mapipa sita ya maji
nayahesabu kila jioni kama bahili.
Akanionyesha konokono wa mawe, wadogo kuliko punje ya mtama.
"Hawa hawakufa kwa kiu, Dhuwaihi."
Nikacheka, kwa adabu.

Siku ya kumi na tisa nikawapeleka kwa mama.
Muzna: jina lake ni wingu lenye mvua,
na alizaliwa mwaka ambao halikupita hata moja.
Nyumba ya saruji niliyomjengea mjini
anafugia kuku wa jirani.
Yeye yumo hemani, hema jeusi la manyoya ya mbuzi,
na mbele ya hema moto,
na kwenye moto mafiga matatu,
kama ya kila mtu aliyewahi kupika chini ya mbingu.
Mawili mawe meusi ya volkano.
La tatu nililijua umbo kabla sijajua kusema:
zito, rangi ya tende kavu,
lenye matuta matuta mgongoni kama ubao wa kufulia.

Wadha alikuwa ameshika kikombe cha kahawa.
Kikombe kikasahaulika hewani.
Akapiga magoti, akasogeza kaa la moto kwa kidole,
kidole kitupu,
akasema polepole, kama anayemwamsha mtoto wa watu:
"Mama, hili ni gego."

"La nani?"

"La tembo."

Mama akalitazama figa lake, kisha akanitazama mimi,
kana kwamba tembo nimemleta mimi, bila kubisha hodi.
"Alikuwa akinywa wapi?"

Kamba za hema zikapiga upepo.
Swali hilo chuo kizima kililiombea fedha miaka minne;
mama kalitoa
bila kuacha kukoroga mchele.

Wadha alilitaka lile gego. Hakuficha.
Akaahidi jiwe jingine, la itale, lililochongwa vizuri.
"Itale hupasuka motoni, itanitoboa jicho.
Na mafiga mawili hayainjiki chungu,
hata huko kwenu chuoni."

Wakakaa hadi nyota zikahama, mwanamke na mwanamke,
mimi nikilala na kuamka, nikilala na kuamka,
nikimsikia mama akieleza mwaka wa harusi yake,
kisima kilichokufa, bonde jeupe kusini yake,
alivyoliokota na kulijaribu motoni usiku uleule:
"Halikulia. Jiwe lisilolia ndilo la kuolewa nalo."
Kisha, akipiga mwayo:
"Yako mengine. Lakini mabaya kwa kupikia."

Alfajiri niliendesha nikifuata kidole chake.
Hakukosea hata kwa kona moja.
Yalikuwapo, mabaya kwa kupikia: taya,
mbavu zilizochomoza kama vigingi vya hema lililoondoka,
na ndani ya tope gumu, duara baada ya duara,
nyayo, kila moja pana kuliko sinia,
zikielekea mahali ambapo sasa hapana kitu.
Wanafunzi wakaanza kukimbia. Wadha hakukimbia.
Alifungua daftari la jana nikamwona akisoma,
naye akaona ninachungulia, akanigeuzia ukurasa.
Lilikuwapo, limechorwa kwa penseli, likiwa bado na joto:

Upande wa juu: moshi, miaka arobaini na minne.
Upande wa chini: maji, yapata miaka laki tatu.
Hali ya sampuli: inatumika.